Maziwa ya Uso Mweupe

Mume wangu alizaliwa upande wa Merti, katika boma la ngamia, na tangu nimjue alikuwa akiyadharau maziwa ya ng'ombe. Alisema ni maji yaliyotiwa chokaa. Ng'ombe huinamisha kichwa akala nyasi, na maziwa yake yana nyasi tu. Ngamia huinua shingo akala mti wa tumbo, mti wa homa, mti mchungu ambao mtu hawezi kuutafuna, na yote hayo humfikia mtu ndani ya kikombe. Watu wetu huamini hivyo. Mtoto akikohoa hatuulizi tu kama kuna maziwa, tunauliza ngamia amelisha wapi. Mama mkwe wangu aliweza kuonja funda moja akasema mnyama alishinda bondeni au mlimani, na sikumbuki akikosea.

Nimeanza na maziwa kwa sababu hatimaye yote yalikuja kuwa ni maziwa. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mbuzi.

Ngamia wetu waliisha katika vurugu za miaka ya sitini, kama walivyoisha wa watu wengi. Tukahamia Isiolo mjini, nyumba ya mabati ya vyumba viwili nyuma ya msikiti, na mwanzoni mwa miaka ya sabini mume wangu akapata kazi katika kituo cha wanyama, njia ya kwenda Burat, ukishapita ua wa kambi ya jeshi. Walikuwa wanatafuta mtu asiyeogopwa na mbuzi. Hivyo ndivyo alivyoniambia, na alijivunia sana sharti lile, kwa sababu kwingine kote alikopita alikuwa ameulizwa vyeti.

Aliyekuwa akiendesha kituo ni daktari wa mifugo, kijana mrefu aliyetoka mbali na sisi, Kiswahili chake cha vitabu. Kazi yake ilikuwa tumbo. Siku zile mtu wa huku aliyepigwa risasi ya tumbo na majangili, au aliyechomwa na pembe ya fahali, alibebwa kwa lori kutoka Garbatulla au Merti, na akifika, utumbo umeshamwaga uchafu ndani na hakuna la kufanya. Daktari alitaka kupata njia. Mbuzi alilazwa kwa dawa ya usingizi, akapasuliwa, utumbo ukatobolewa, kisha tobo likazibwa. Wengine walishonwa kwa uzi peke yake. Kwa wengine daktari alichukua kipande cha ule utando wa mafuta unaofunika utumbo, akakilaza juu ya tobo na kukishona hapo kama kiraka. Halafu wakangoja kuona nani atasimama.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kushika kabla na kuchunga baada. Aliwaimbia ule wimbo mdogo wa kunywesha wanyama kisimani, wakalegea mikononi mwake kabla hata ya sindano. Jioni alirudi ananuka dawa ya kuoshea vidonda, na kabla ya kuniuliza chakula aliniambia ni yupi amekula majani na ni yupi amegeuzia ukuta uso.

Ule utando wa mafuta sisi tunauita moora. Baba yake mume wangu alikuwa msomaji wa moora. Akichinja mbuzi aliutandaza kwenye mwanga, akasoma humo mvua, na ugonjwa, na adui anatokea wapi. Masheikh wa mjini hawapendi mambo hayo, na mume wangu hakuyafanya, lakini macho yake yalikuwa yamekulia hapo. Siku moja alimwambia daktari, huku ameshika miguu ya mbuzi, "Baba yangu alikuwa anasoma hii kitu. Wewe unashona nayo."

Daktari akamwuliza, "Ilikuwa inasema kweli?"

"Saa zingine. Na yako?"

"Saa zingine."

Aliponisimulia alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nadhani urafiki wao ulianza siku ile.

Kitu kilichomchoma ni wale waliopaswa kuuawa mwishoni ili daktari aangalie kiraka kimeshikaje ndani. Waliuawa kwa sindano, wakaangaliwa, kisha wakachomwa moto katika shimo. Mume wangu aliona ni mzoga juu ya mzoga. Hakulala vizuri. Mwisho akamwendea daktari akamwomba: hao wa kuuawa, niwachinje mimi, kwa jina la Mungu. Daktari alifikiri, akasema kisu cha shingo hakigusi tumbo, wachinje. Nyama ilikuwa haramu kuliwa kwa sababu ya dawa, kwa hiyo ilichomwa vilevile.

Mama mkwe wangu alipata habari hiyo akiwa ameketi juu ya kigoda chake. "Unachinja halali, halafu mnachoma?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hiyo halali ni ya nani?"

"Ya mbuzi," akasema.

Mama mkwe wangu akanigeukia mimi. "Nilizaa mtoto, nikamwosha kichwa sana," akasema, na akaendelea kusuka kifuniko cha kibuyu chake.

Ilichukua miaka. Kisha siku moja, karibu na mwisho wa miaka ya sabini, mchungaji mmoja wa Garbatulla aliyechomwa pembe na fahali alifanyiwa vile hospitalini, kiraka cha moora yake mwenyewe, na akaishi. Mume wangu alipanda lori kwenda kumwona. Hawakuwa wanajuana. Alimwamkia, akamwomba ainue shati. Aliporudi aliniambia, "Ameshonwa kama yule beberu mweusi wa kituo." Kwa wiki nzima alitembea mjini kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Baada ya mbuzi wakaja ng'ombe. Walikuwa ng'ombe wa kizungu wenye uso mweupe, kutoka mashamba makubwa ya upande wa Timau. Jua la huku na nyuso nyeupe havipatani; huwatokea kitu kama punje ya mchele kwenye jicho, kisha punje inakuwa nyama, kisha nyama inakula jicho. Ni saratani. Daktari alikuwa na dawa ya kuchoma kwa sindano ndani ya uvimbe wenyewe. Mume wangu alinieleza kwamba dawa hiyo haiui uvimbe. Inauamsha mwili uone kwamba kuna mgeni ndani ya boma. Sijui kama ndivyo vitabu vinavyosema. Nilielewa.

Wengine walikufa. Shingo zilivimba, na daktari alipofungua akakuta ugonjwa umeshuka hadi kwenye mapafu. Lakini kulikuwa na mmoja, ng'ombe jike mwenye ndama mchanga, ambaye uvimbe wake ulianza kukauka. Mume wangu alimwita Uso Mweupe, ingawa wote walikuwa na uso mweupe. Kila jioni alinionyesha kwa vidole vyake ukubwa wa uvimbe. Vidole vilikaribiana, vikakaribiana, na jioni moja vikagusana.

Ni wakati huo huo mume wangu alipoanza kusukuma sahani. Kwanza nyama, akasema ni ngumu. Kisha ugali. Nilipomkanda tumbo niligusa kitu chini ya kifua, kigumu kama goti la mtoto. Nikaendelea kukanda pembeni.

Tulikwenda hospitali kubwa ya upande wa Meru. Walimpasua. Nilikaa nje kwenye benchi na wanawake wengine, na nilipoitwa nikaambiwa wamefungua, wameona, wamefunga, nimpeleke nyumbani apumzike. Waliniambia mimi. Yeye hakuambiwa, lakini siku alipoweza kuketi alipitisha kidole juu ya mshono wake, polepole, kama alivyofanya kwa mbuzi, akasema, "Ndani hawajashona kitu."

"Umejuaje?"

"Mtu akishonwa ndani anavuta upande. Mimi sivuti."

Nikamwambia yote niliyoambiwa. Akaitikia kwa kichwa. Akaomba maji ya kutawadha.

Daktari wa kituo alikuja kumwona nyumbani. Nilimpa chai, akaketi kwenye kitanda pembeni ya mgonjwa kwa sababu kiti chetu kilikuwa na mama mkwe wangu. Waliongea juu ya wanyama. Kisha mume wangu akasema, kwa sauti ile ile ya kuongea juu ya wanyama, "Daktari, ile dawa ya Uso Mweupe. Nichome."

Daktari aliweka kikombe chini. "Siwezi, mzee."

"Mimi nimeshika wanyama wako miaka yote hii. Nishike mimi mara moja."

"Ile naichoma kwenye uvimbe ninaouona kwa macho. Wako uko ndani. Na umewaona waliovimba shingo."

"Nimewaona. Nimeona na huyu."

"Huyu ni mmoja."

"Na mimi ni mmoja."

Daktari alinitazama mimi. Baadaye akasema kwamba hata ile ya mbuzi ilichukua miaka kufika kwa mtu, na mume wangu akasema anajua, alikuwepo. Hawakugombana. Alipoondoka, mume wangu alimwambia asisahau kumfunga Uso Mweupe kivulini.

Alirudi kazini kabla sijapenda. Alisema nyumbani anahesabu mabati. Na siku chache baada ya hapo nilimkuta ameketi mlangoni, anakunywa maziwa kutoka kwenye kopo la bati, maziwa meupe ya ng'ombe, yeye aliyeyaita chokaa. Alikunywa kwa makini, kama mtu anayesoma.

"Ya nani hayo?"

"Ya Uso Mweupe."

Hakunieleza zaidi na sikuhitaji kuelezwa. Nilizaliwa kati ya watu wale wale. Kinachoingia kwa mnyama kinashuka kwenye kiwele. Ng'ombe amechomwa dawa, uvimbe umekauka. Basi dawa imo. Nilichukua kibuyu cha maziwa cha mama yangu, nikakifukiza moshi wa mti wa mzeituni mwitu kama kwa mgeni mkubwa, na tangu siku ile akayaleta maziwa humo.

Naandika hili na bado nautamani wakati ule. Maziwa yalikaa tumboni mwake. Nyama haikukaa, chai haikukaa, lakini maziwa yalikaa, na mashavu yake yakarudi kidogo. Alisimama sala zote. Jumamosi tulitembea hadi mashamba ya Burat kununua vitunguu, akabeba yeye. Majirani wakamwambia, "Bwana, unarudi ujana," naye akawajibu, "Nimerudi kunyonya." Mama mkwe wangu alikuwa akionja funda moja kila jioni kabla hajampa, akikunja uso, akijaribu kuipata dawa kwa ulimi wake. "Iko," alisema. "Iko mbali, lakini iko." Sisi watatu, katika chumba kile, tuliamini. Sijawahi tena kuamini kitu kwa pamoja na watu namna ile.

Aliyetufichua ni ndama. Alikonda. Daktari alijua mama yake ana maziwa ya kutosha, na aliagiza yote yabaki kwa ndama, lakini ndama anatoka mbavu na mtu wake ananawiri. Hakuhitaji kuulizia sana. Alikuja nyumbani siku ya Ijumaa wakati mume wangu yuko msikitini, akasimama mlangoni.

"Salaam aleikum, mama." Hakuwa Mwislamu, lakini alitusalimia hivyo siku zote.

"Wa aleikum salaam, daktari. Karibu."

"Mzee anakunywa maziwa ya yule ng'ombe?"

"Anakunywa."

Akavua kofia. Akaniambia kwamba dawa ile hukaa pale pale ilipochomwa, kwenye jicho, na huisha hapo. Haisafiri hadi kwenye kiwele. Alisema hadhani maziwa yatamdhuru, lakini hayatamponya. "Anashiba, mama. Hayo ndiyo unayoyaona."

Kisha akauliza, "Nimwambie, au nimwache?"

Mama mkwe wangu alikuwa ndani, amesikia kila neno. Alitoka na fimbo yake. "Intala," akaniambia, neno letu la kumwita binti, "mwache mtu na kikombe chake."

Nilitazama uani. Kibuyu kilikuwa kimegeuzwa juu ya kigingi, kinakauka. Nilikuwa nimeishi na mtu aliyetaka kuona ndani ya kila kitu, mpaka ndani ya mshono wake mwenyewe. Sikujua namna ya kukaa mbele yake kila jioni nikijua kitu asichokijua. Labda mwanamke mwingine angejua. Nikasema, "Mwambie."

Aliporudi kutoka msikitini, daktari alimwambia uani, wote wawili wamechuchumaa, kama watu wanaopatana bei ya kondoo. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari, umeyapima hayo maziwa?"

"Sijayapima."

"Basi hujui."

"Nadhani."

"Mimi pia nadhani."

Daktari akatabasamu, akanyanyuka, akasema ndama atapewa maziwa ya ng'ombe mwingine. "Wewe kunywa, mzee. Ila uchemshe." Mume wangu akacheka. Mama mkwe wangu akacheka pia, kwa kunikomoa.

Lakini jioni ile hakumaliza kikombe. Alifika nusu, akakitazama, akakiweka kwenye dirisha.

"Leo ni maziwa tu," akasema.

Aliendelea kuyaleta, na aliendelea kuyanywa, kwa sababu hakukuwa na kingine kilichokaa. Mashavu yakaanza kuondoka. Mama mkwe wangu hakuonja tena.

Ukame ukaja, ule wa themanini na nne ambao kila mtu wa Isiolo anaukumbuka kwa wanyama wake. Majani ya kituo yakaisha, na daktari akaambiwa amalize kazi ya ng'ombe. Kumaliza maana yake ilikuwa kuangalia ndani. Uso Mweupe alikuwa anatembea, anakula kile kidogo kilichopatikana, jicho lake limebaki na kovu kama ukucha. Hakuna aliyeweza kujua kama amepona kweli mpaka afunguliwe.

Daktari alisema atamtafuta mtu mwingine wa kuchinja. Mume wangu akakataa. Hakuweza tena kwenda kwa miguu, kwa hiyo gari la kituo likaja, na mimi nikaenda naye ili nimshike. Nilikuwa sijawahi kuingia kule ndani. Kulikuwa safi, na kimya kuliko nilivyodhani.

Alimwimbia. Sauti haikuwa na nguvu ya kuvuka hata zizi, lakini ng'ombe aligeuza kichwa chenye jicho zima, akamjia. Walimlaza wakimwelekeza kibla. Daktari alishika pembe. Nilimshika mume wangu kiunoni kutoka nyuma, akataja jina la Mungu, na kisu kikapita. Nilihisi nguvu zote zikitoka mwilini mwake kwa pigo moja. Alikuwa ameziweka akiba.

Kisha akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, na daktari akafanya kazi. Alikata tezi za chini ya taya, moja moja, akazipasua. Akapasua zile za shingo. Akatoa mapafu, akayabonyeza yote kwa vidole, hapa na hapa na hapa. Mume wangu alikuwa ameinama mbele mpaka niliogopa ataanguka. Swali la kupona lilikuwa lake pia.

Daktari akanyoosha mgongo. "Amepona," akasema. "Hakuna kitu ndani. Nitapeleka vipande vikaangaliwe, lakini kwa macho yangu, amepona."

"Nionyeshe."

Akamletea tezi kwenye bakuli. Mume wangu akazitazama moja baada ya nyingine, akazigusa. Halafu daktari, sijui kwa nini, akaivuta moora nje na kuitandaza mbele yake kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa nyembamba kwa sababu ya njaa, mishipa inaonekana kama njia za kwenda mtoni.

"Inasema nini, mzee?"

Mume wangu akaifuata mishipa kwa kidole. "Baba angejua," akasema.

Ndani ya gari, tukirudi, vumbi likiingia kila upande, aliweka kichwa begani mwangu mbele ya dereva, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Iko," akaniambia. "Dawa iko."

"Iko kwa ng'ombe," nikasema.

"Ilianza kwa mbuzi pia."

Alikuwa na furaha. Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa anaigiza kwa ajili yangu, na nimekataa. Nilikuwa namjua alipoigiza. Ile ilikuwa furaha, na mimi sikuweza kuishiriki. Nilitaka apone yeye. Hao wengine watakaopona baadaye sikuwa nawajua.

Alifariki kabla ya mvua. Tulimzika siku ile ile alasiri. Daktari alikuja, akasimama nyuma ya wanaume kwa sababu hakujua sala, akatupa udongo kwa mkono wake kama wengine. Baada ya siku za matanga alituma mchungaji na yule ndama, ambaye sasa alikuwa mtamba. Hakutuma neno lolote.

Miaka iliyofuata, kila nilipopeleka mtu hospitalini niliwauliza wauguzi kama ile dawa ya kuamsha mwili imefika kwa watu. Wengine walinitazama kama mama aliyechanganyikiwa. Mmoja, msichana mpole, aliniambia huenda ipo mahali, ya uvimbe mwingine, si wa tumbo. Nilimshukuru. Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi la wanawake.

Sasa nina kijishamba Burat, kando ya mfereji, na ng'ombe wa ukoo wa yule mtamba. Rangi imechanganyika, lakini kila mzao anatoka na weupe mahali fulani usoni. Asubuhi kabla ya kukamua naleta maji ya uvuguvugu na kitambaa, namshika kila mmoja kichwa, namsafisha macho, namgeuza upande wa jua linalochomoza, natafuta punje ya mchele. Sijaiona bado. Nawaimbia ule wimbo wa kisimani, vibaya, kwa sababu nilikuwa nausikia kwake tu jioni, na sehemu ya katikati siijui.

Kisha nakamua. Kikombe cha kwanza nakinywa hapo hapo nimesimama. Nakionja polepole kama mama mkwe wangu, nikitafuta.